Ua Lililoitwa la Mdalasini: Uchambuzi wa Kisa cha Kutambua Upya Mmea Uliohifadhiwa Ndani ya Kaharabu

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha ua moja lenye upana wa milimita chache tu, lililonaswa ndani ya kipande cha kaharabu ya Baltiki. Kwa zaidi ya karne moja lilikaa katika mkusanyo wa chuo kikuu kimoja, na lebo yake ilisema ni la Lauraceae, familia ya mdalasini na mparachichi. Leo rejista inasema ni ua la kiume la Arecaceae, familia ya minazi na mitende, na nafasi ya jenasi, yaani kundi la spishi jamaa ndani ya familia, imeachwa wazi.

Nimeondoa jina la chuo, namba ya kielelezo na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika. Walikuwa wanne: mhifadhi wa mkusanyo, mtaalamu wa maua, mtaalamu wa chavua, na fundi wa kukata na kung'arisha vielelezo. Wote waliniruhusu kusoma daftari zao, zikiwemo kurasa walizobishana.

Ugunduzi wenyewe si wa kutikisa ulimwengu. Nimeuchagua kwa sababu kila uamuzi mgumu ulioandamana nao umeandikwa pamoja na hoja za upande ulioshindwa, jambo ambalo ni adimu katika kazi hii. Kwa kawaida tunasoma jibu na njia inabaki kwenye daftari.

## Usuli

Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka kisukuku. Ile ya Baltiki ilitoka kwenye miti ya kundi la misonobari na jamaa zake, na wingi wake umehesabiwa kuwa na umri wa miaka milioni 38 hadi 34, mwishoni mwa kipindi cha Eosini. Wadudu ndio wanaojulikana zaidi ndani yake. Mimea ni sehemu ndogo sana ya viumbe vilivyonaswa, na sababu inaeleweka: mdudu hutembea mwenyewe hadi kwenye utomvu, ilhali ua lazima lidondoke au lipeperushwe na upepo hadi mahali hasa utomvu unapotiririka. Ndiyo maana maua mengi ya kwenye kaharabu ni madogo, hayazidi milimita kumi.

Lakini ua likishanaswa, huhifadhiwa kwa namna ambayo jiwe haliwezi. Jani lililobanwa kwenye udongo mgumu hubaki alama bapa. Ndani ya kaharabu umbo hubaki na pande zake zote, vinyweleo vikiwa mahali pake, na mara nyingine chembe za chavua zikiwa bado karibu na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zilizozitoa. Tatizo ni kwamba huwezi kuligusa wala kuligeuza. Unaliona kupitia upande ule tu ambao mtu aliyeking'arisha kipande aliuchagua, pengine miaka 150 kabla yako.

Msingi wa elimu hii uliwekwa katika karne ya 19. Göppert na Berendt walichapisha kitabu chao cha mimea ya kaharabu mwaka 1845, na Conwentz akafuata mwaka 1886 na kitabu kuhusu mimea yenye maua. Nimeipitia michoro ya Conwentz na bado inanishangaza kwa usahihi wake. Watu hawa hawakuwa wazembe. Walikuwa na kioo cha kukuzia, hadubini ya mwanga na macho makini, lakini hawakuwa na hadubini ya elektroni, wala picha za tabaka kwa eksirei, wala hazina ya chavua za mimea hai ya kulinganishia. Majina mengi waliyotoa yameendelea kutumika bila kipande chenyewe kutazamwa tena.

## Lebo ilivyopata nguvu

Kipande chetu kiliingia chuoni pamoja na mkusanyo wa mtu binafsi. Lebo ilikuwa na mstari mmoja wa mwandiko: jina la familia, neno la kueleza kwamba ua lina manyoya, na asili yake kuwa Baltiki. Hakukuwa na mchoro, kipimo, wala maelezo ya kilichomfanya mwandishi afikie jina hilo.

Lebo ya namna hiyo haina madhara ikibaki sandukuni. Hii haikubaki. Miaka mingi baadaye mtu aliyekuwa akiandaa orodha ya mimea ya kaharabu ya Baltiki aliinakili kutoka kwenye rejista, bila alama yoyote ya shaka. Kutoka kwenye orodha, rekodi hiyo ikachukuliwa na watafiti waliohitaji visukuku vyenye umri unaojulikana ili kukadiria matawi ya familia ya mdalasini yaliachana lini. Katika hesabu hizo za saa ya molekuli, kisukuku kimoja kilichowekwa kwenye tawi lisilo lake kinaweza kusogeza tarehe za matawi jirani pia. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyekuwa amekiona kipande.

## Shaka ya kwanza

Mtaalamu wa maua alikuja chuoni kwa shughuli tofauti kabisa. Alikuwa akitafuta maua ya Lauraceae yenye stameni zinazoonekana vizuri, kwa sababu familia hiyo ina alama ambayo ukishaiona huisahau: vichwa vya stameni zake havipasuki kwa mstari kama vya mimea mingi, bali hufunguka kwa vifuniko vidogo vinavyoinuka kwenda juu. Kila kichwa huwa na vifuniko viwili au vinne. Stameni zenyewe kwa kawaida ni tisa katika mizunguko mitatu, na mara nyingi zipo nyingine tasa ndani yake.

Katika kipande hiki aliona stameni sita. Hakuona kifuniko hata kimoja, ingawa utando mweupe ulizifunika stameni tatu kati ya hizo na hakuweza kusema kwa uhakika.

Hakuandika kwamba lebo ni ya uongo. Aliandika: sita si kawaida, lakini kuna jenasi za Lauraceae zenye stameni pungufu, kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Sentensi hiyo naiheshimu sana. Ilifungua swali bila kulijibu kabla ya wakati.

Hata hivyo, hatua iliyofuata ilikuwa dhaifu. Kwa wiki kadhaa timu ilitafuta jenasi ipi ya Lauraceae ina stameni sita, ikafungua hebaria ya familia hiyo, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kabati kwa kabati. Familia nyingine hazikuguswa. Nitalirudia hili katika uchambuzi.

## Kabla ya yote, je, ni kaharabu?

Fundi ndiye aliyesimamisha kazi. Alitaka kwanza ijulikane kama kipande ni cha Baltiki kweli, na mhifadhi alikerwa kidogo kwa sababu mkusanyo ulikuwa na sifa nzuri. Fundi alikuwa na haki. Biashara ya kaharabu ya karne ya 19 ilichanganya vitu vingi: sandarusi, ambayo ni utomvu mchanga usiokomaa kuwa kaharabu, vipande vilivyobandikwa viwili viwili na kitu kikatiwa katikati, na kaharabu ya unga iliyoyeyushwa na kugandamizwa upya. Ukianza kujadili stameni za ua lililobandikwa, umepoteza kila kitu.

Walikwangua unga kidogo kutoka kwenye kona iliyo mbali na ua, wakaupima kwa mionzi ya infraredi. Kaharabu ya Baltiki huacha alama inayofahamika, mstari ulio bapa kama bega kati ya 1250 na 1150 kwa sentimita, kisha kilele kikali. Alama ilikuwepo. Chini ya hadubini pia walikuta vinyweleo vyenye umbo la nyota, vya mialoni, ambavyo hupatikana kwa wingi katika kaharabu ya Baltiki. Na chini ya mwanga wa urujuanimno hakukuwa na mstari wa gundi unaozunguka ua.

Sehemu hii ilichukua muda mfupi na haikuleta habari mpya. Ingeachwa, mhakiki yeyote makini angeirudisha makala siku ya kwanza.

## Kufungua dirisha jipya

Kipande kilikuwa kimegandishwa juu ya kioo kwa zeri ya Kanada, utomvu wa mti unaotumika kama gundi angavu, kama ilivyokuwa desturi. Zeri ilikuwa imegeuka njano na kupasukapasuka, na ua lilionekana kutoka juu tu. Njia rahisi ya kuondoa zeri ni kuiyeyusha. Fundi alikataa, kwa kuwa vimiminika vinavyoyeyusha zeri vinaweza kulainisha au kupasua uso wa kaharabu pia, na kipande tayari kilikuwa na ufa mmoja mrefu. Akachagua kuisaga kwa mkono, kwa msasa laini wenye maji.

Kabla ya kusaga chochote, walipiga picha za tabaka kwa eksirei. Sababu ya kwanza ilikuwa kujua ua limelala vipi ili wachague upande wa kufungua. Sababu ya pili, ambayo baadaye iligeuka kuwa muhimu zaidi, ilikuwa kuwa na nakala ya umbo lote kabla mkono wa mtu haujalikaribia. Walifikiria kutumia sinkrotroni, mtambo mkubwa wa eksirei zenye nguvu sana ambao hutoa picha kali zaidi, lakini mhifadhi aliogopa kwa sababu mionzi yake imewahi kuifanya kaharabu iwe na rangi nyeusi zaidi. Wakakubaliana na mashine ya kawaida ya maabara.

Picha zilitoka vizuri kuliko walivyotarajia, kwa sababu ndani ya ua karibu tishu zote zilikuwa zimeoza na kuacha uwazi. Tofauti kati ya uwazi na kaharabu huonekana wazi kwa eksirei. Stameni zilikuwa sita, sasa bila shaka. Vichwa vyake, hata hivyo, vilitoka na kingo za ukungu. Mmoja aliona mpasuko, mwingine akaona kivuli tu.

Baada ya hapo fundi alifungua dirisha la pembeni. Alisaga taratibu, akisimama kila mara kuweka tone la gliserini na kipande cha kioo chembamba juu yake. Gliserini hupunguza mtawanyiko wa mwanga kwenye mikwaruzo, na picha hutulia. Dirisha hilo lilibadilisha kila kitu.

Kutoka juu ua lilionekana kuwa na vipande sita vinavyofanana, vitatu ndani na vitatu nje, na hilo ndilo umbo la kawaida la Lauraceae. Kutoka pembeni vipande vile vitatu vya nje havikuwa na ukubwa sawa na vya ndani hata kidogo. Vilikuwa ncha za kikombe kifupi kilichoungana chini, na ncha hizo zilichungulia katikati ya petali, yaani vipande vya ndani. Petali zenyewe zilikuwa nene, na kingo zake ziligusana bila kupandana. Kwa maneno mengine, ua lilikuwa na sepali (vipande vya nje) tatu fupi na petali tatu kubwa, wala si vipande sita vya aina moja.

Na manyoya? Hayakuwepo. Kilichoitwa manyoya ni utando mweupe wa viputo vidogo sana, unaotokea kiumbe kinapooza ndani ya utomvu na gesi na majimaji yake kukosa pa kwenda. Katika kaharabu ya Baltiki utando huu ni wa kawaida mno, na mara nyingi hufunika upande mmoja tu wa kiumbe. Kwa hadubini ya zamani, na kupitia zeri iliyogeuka njano, nyuzi za viputo zilifanana na nywele.

## Mabishano juu ya chavua

Sasa Lauraceae ilikuwa imetetereka, lakini nafasi yake haikuwa na mrithi. Mtaalamu wa maua aliandika majina matatu ya familia ambazo zina maua ya mpangilio wa tatutatu na zinaweza kuwa na stameni sita. Ya kwanza ni Menispermaceae, mimea inayotambaa ambayo maua yake ya kiume huwa madogo na yenye stameni sita mara nyingi. Ya pili ni Smilacaceae, ambayo Conwentz mwenyewe aliiripoti kutoka kaharabu ya Baltiki. Ya tatu ni Arecaceae, minazi na mitende.

Hapo mtaalamu wa chavua akaingia, na mimi naona ndiye aliyekiokoa kisa hiki. Aliweka jedwali la mistari minne. Chavua ya Lauraceae haina mfereji (mstari mwembamba kwenye ukuta wa chembe) wala tundu, na ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba haupatikani kama kisukuku isipokuwa kwa nadra. Chavua ya Smilacaceae nayo haina mfereji. Ya Menispermaceae kwa kawaida ina mifereji mitatu. Ya minazi na mitende kwa kawaida ina mfereji mmoja mrefu. Chembe moja iliyohifadhiwa vizuri ingeweza kukata shauri ambalo petali na stameni zilishindwa kulimaliza.

Lakini chavua itatoka wapi? Pendekezo la kwanza lilikuwa kukata hadi kwenye kichwa cha stameni moja na kuchukua chembe humo. Ushahidi wake ungekuwa safi kabisa, kwa kuwa chavua iliyo ndani ya stameni ni ya ua hilo hilo bila ubishi. Mhifadhi alikataa katakata. Kielelezo ni kimoja, na stameni ikikatwa haitarudi. Pendekezo la pili lilitoka kwa fundi. Ule ufa mrefu ulipita kando ya kifungu cha chembe zilizodondoka nje ya ua, mahali ambapo kusaga kidogo tu kungezifikisha juu. Zikichukuliwa hizo, ua lenyewe haliguswi.

Mtaalamu wa chavua aliliona tatizo mara moja. Utomvu unaotiririka hunasa chavua ya msitu mzima. Chembe iliyo nje ya ua inaweza kuwa imepeperushwa kutoka mti ulio mbali sana. Walibishana siku nyingi, na daftari zinaonyesha sauti zilipanda. Mwishowe walikubaliana kwa masharti mawili. Chembe zichukuliwe kutoka kwenye kifungu kilichoshikamana, kwa sababu chembe za upepo huingia mojamoja na kifungu huelekea kutoka kwenye kichwa cha stameni kilicho karibu. Kisha zilinganishwe na chembe zinazoonekana, bila kuguswa, ndani ya stameni kupitia dirisha la pembeni.

Chembe chache zilichukuliwa kwa ncha ya sindano, zikawekwa kwenye gliserini na kupigwa picha kwa hadubini ya mwanga. Kisha chembe zile zile, moja baada ya nyingine, zikahamishiwa kwenye kitako cha hadubini ya elektroni na kupakwa dhahabu. Njia hii ya chembe mojamoja ni ya kuchosha, lakini inakupa umbo la ndani na nakshi za juu kutoka kwenye chembe ile ile, na hakuna anayeweza kusema umechanganya.

Zilikuwa za mviringo mrefu, zenye mfereji mmoja, na ukuta imara wenye nakshi za vitobo vidogo. Ndani ya stameni, kupitia dirisha, zilionekana chembe za ukubwa na umbo hilo hilo zikiwa zimepangana kwenye mpasuko wa urefu. Nakshi hazikuonekana kwa kina hicho. Lakini mpasuko sasa ulionekana, na vifuniko havikuwepo.

## Jina gani liandikwe

Kupata familia kulileta kishawishi kipya. Conwentz mwaka 1886 alieleza ua la kiume kutoka kaharabu ya Baltiki na kuliweka katika jenasi ya mtende, Phoenix, kwa jina la Phoenix eichleri. Ua letu linafanana nalo kwa jumla. Mtaalamu wa maua alitamani kuliweka humo. Mhakiki mmoja wa makala, kwa upande wake, alishauri lipewe jina la spishi mpya.

Timu ilikataa yote mawili. Maua ya kiume ya minazi na mitende hufanana sana baina ya jenasi nyingi, na ili kuzitenganisha unahitaji kuona namna maua yalivyopangwa kwenye tawi lake, na mara nyingi mabaki ya ovari tasa katikati. Kielelezo kilikuwa ua moja lililong'oka, na katikati yake ilifunikwa na utando mweupe hata kwenye picha za eksirei. Kuliita Phoenix kungekuwa kurudia kosa la lebo ya zamani, tofauti ikiwa vifaa vipya tu. Kulipa jina jipya kungeunda spishi ambayo hakuna mtu angeweza kuitofautisha na nyingine siku za baadaye.

Suala la kanuni za majina lilikuwa jepesi. Kipande hakikuwahi kuwa holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina la spishi limefungwa kwake. Kilikuwa rekodi tu. Kwa hiyo hakukuwa na jina la kuhamisha, bali rekodi ya kusahihisha.

## Matokeo

Makala ilichapishwa ikiwa na maneno ya tahadhari kuhusu chavua: ziliitwa chembe zinazohusishwa na ua, si chembe za ndani ya ua. Rejista ilibadilishwa. Lebo ya zamani haikutupwa. Imebaki sandukuni pamoja na mpya, ikiwa na tarehe na jina la aliyeibadilisha. Kitako chenye chembe za chavua kimepewa namba ya kielelezo kile kile, na mafaili ya eksirei yamewekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuyapakua.

Rekodi ya Lauraceae iliondolewa kwenye orodha, na watafiti waliokuwa wameitumia katika hesabu zao za umri waliandikiwa. Hapo ndipo penye athari kubwa zaidi. Kwa upande wa tabianchi, mabadiliko ni madogo kuliko mtu angedhani. Minazi na mitende haivumilii baridi kali ya muda mrefu kwa sababu shina lake kwa kawaida hukua kutoka kichipukizi kimoja, na kikifa shina hilo nalo hufa. Lakini nyingi kati ya Lauraceae nazo ni za nchi zenye joto. Msitu wa Baltiki haukuwa na joto zaidi au baridi zaidi kwa sababu ua moja limebadilishiwa jina, na makala haikudai hivyo.

## Uchambuzi: kilichofaulu

Kubwa kuliko yote ni lile jedwali la chavua. Kabla yake, kila uchunguzi uliuliza kama ua linaendana na familia fulani, na ua hili liliendana na familia nne. Jedwali liliuliza ni sifa ipi ambayo familia hizo haziwezi kuwa nayo kwa pamoja. Sifa hiyo ikishajulikana, hatari ya kugusa kielelezo inaweza kupimwa, kwa sababu unajua hasa unachokwenda kukitafuta na kwamba jibu lolote litakalotoka litaondoa angalau wagombea wawili.

Njia hii ina mfano mkubwa na wa wazi. Mwaka 1872 Robert Caspary alieleza ua kubwa la kaharabu ya Baltiki na kuliita Stewartia kowalewskii, la familia ya mti wa chai. Lina upana wa milimita 28, kubwa kuliko ua jingine lolote la kaharabu linalojulikana. Mwaka 2023 Eva-Maria Sadowski na Christa-Charlotte Hofmann walilichunguza upya, wakachukua chavua na kuitazama kwa hadubini ya elektroni, na ikaonekana ni la jenasi ya Symplocos. Sasa ni Symplocos kowalewskii. Sehemu ya pili ya jina ilibaki kama kanuni zinavyotaka, kwa sababu kile kilikuwa kielelezo chenye jina lililochapishwa. Tofauti na kisa chetu ni kwamba kule ushahidi ulitosha kufika hadi jenasi.

La pili ni mpangilio wa hatua. Eksirei ilitangulia msasa. Wakati wa kufungua dirisha, ncha ya sepali moja ilisagwa kwa sababu ilikuwa imepinda kuelekea nje kuliko ilivyokadiriwa. Hasara hiyo ingekuwa ya kudumu. Kwa kuwa umbo lote lilikuwa tayari limehifadhiwa kwenye picha za tabaka, urefu wa sepali hiyo bado unapimika.

Nataja pia ukali wa mhifadhi. Wapo waliomwona kikwazo. Mimi naona kukataa kwake kukata stameni ndiko kulikomlazimisha fundi kufikiri kuhusu ule ufa, na stameni zote sita bado zipo kwa ajili ya vifaa ambavyo bado havijatengenezwa.

## Uchambuzi: kilichokwama

Zile wiki ndani ya hebaria ya Lauraceae zilipotea bure. Lebo ilikuwa imeshawekewa alama ya kuuliza, lakini iliendelea kuamua ni makabati yapi yafunguliwe. Tiba yake si ngumu: orodha ya familia zote zenye mpangilio unaoonekana iandikwe kwanza na mtu ambaye hajaisoma lebo. Katika kisa hiki fundi angeweza kufanya hivyo, kwa kuwa hakuwa ameambiwa jina.

Chembe za nje ya ua zimeacha udhaifu ambao hauondoki. Mhakiki aliutaja, na timu ilijibu kwa kushusha uzito wa maneno badala ya kutetea. Naafiki jibu hilo. Lakini msomaji asidanganyike: uhusiano wa chembe zile na ua umejengwa juu ya umbo, ukubwa na kushikamana, na nakshi za ndani ya stameni hazijaonekana na mtu yeyote. Sinkrotroni ingeweza kuzionyesha. Hofu ya rangi ni ya kweli, ila ingeweza kujaribiwa kwanza kwenye kipande kisicho na thamani kutoka mkusanyo ule ule, na jaribio hilo halikufanyika.

Jingine ni orodha iliyochapishwa. Rekodi iliyosahihishwa kwenye makala haijisahihishi kwenye hifadhidata zilizoinakili. Mhifadhi alipofuatilia, alikuta baadhi bado zina Lauraceae, na nyingine zimefuta rekodi nzima bila kuweka Arecaceae mahali pake, jambo linaloficha kwamba kielelezo kipo.

## Kilichobaki mezani

Katika mkusanyo ule ule kuna vipande vingine vyenye mwandiko huo huo na jina hilo hilo la familia. Vyote vimewekewa alama ya kutothibitishwa kwenye rejista, na havitolewi kwa mtu anayetafuta visukuku vya kukadiria umri mpaka vitazamwe. Vimehamishiwa kwenye kabati lenye giza na unyevu usiobadilikabadilika, maana kaharabu iliyoachwa kwenye mwanga na hewa hugeuka nyekundu na kupasuka uso. Kimoja tayari kina nyufa zinazokaribia petali. Hicho kitapigwa picha za tabaka kwanza, na orodha ya familia zake zinazowezekana itaandikwa na mtu ambaye hajaona lebo.